Lowea na Mlowezi: Maana na Asili ya Neno la Kukaa Nchi ya Watu

Kiswahili kina maneno kadha wa kadha ya kumtaja mtu aliyeiacha nchi yake akaenda kukaa nchi ya watu. Yako hama na hamia, ambayo hata mtoto huyajua. Liko gura, ambalo husikika zaidi upande wa Kenya. Liko hajiri, lililokuja kutoka Kiarabu pamoja na dini. Na liko lowea. Watungaji wa kamusi wana desturi ya kuyaeleza maneno haya kwa kurejesha moja kwa jingine, hata msomaji hudhani kwamba lugha imejilimbikizia majina mengi ya jambo moja kwa anasa tu. Dhana hiyo si sahihi. Manne ya kwanza husimulia mwendo wa mtu. La tano halina mwendo ndani yake, na kwa sababu hiyo limepatwa na misukosuko ambayo mengine hayakupatwa nayo. Jina la mtu lililozaliwa nalo, yaani mlowezi, leo lina maana moja Nakuru na maana nyingine Kigoma, na mjini kote huko mtu huweza kupata hasara kwa kuitwa hivyo.

Inafaa kuanza na hama, maana ndilo kipimo cha mengine. Hama humtazama mtu kwa nyuma. Kitenzi hiki huchukua kitu chake pasipo kuongezwa kauli yoyote, na kitu hicho ni mahali panapoachwa: mtu huhama nyumba, huhama mtaa, huhama nchi. Pale aendapo hapatajwi mpaka kitenzi kipewe kauli ya kutendea, ndipo huwa kuhamia. Ushahidi ulio bora kuliko wote ni jina mahame, yaani mahali palipoachwa na wakazi wake, kuta zimeanguka na mwembe umebaki peke yake. Jina hilo limeundwa kwa kiishio -e, kile kile kilichomo katika mtume, aliyetumwa, na kiumbe, kilichoumbwa. Kwa hiyo mahame ni pale palipohamwa. Lugha imeona haja ya kulipa jina pengo lililobaki nyuma ya mtu. Kutokana na lowea hakuna jina la namna hiyo, wala hapana haja nalo: neno hilo halishughuliki na kilichoachwa.

Katika hama kuna majina mawili ya watu, mhamaji na mhamiaji, na la pili lastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndilo lililotawala katika sheria na magazeti. Kiishio -aji hapo zamani kilikuwa hasa cha mtu afanyaye jambo kwa mazoea au kwa kazi: mwindaji, mfugaji, msemaji. Mhamaji limekaa vizuri katika safu hiyo, maana ni mtu afuataye malisho na mvua mwaka hata mwaka. Mhamiaji lina matata. Vitenzi vyenye kuishia na -ia na -ea, kwa kanuni ya kale, hutoa jina la mtu kwa -zi: kimbia hutoa mkimbizi, saidia hutoa msaidizi, tetea hutoa mtetezi, lea hutoa mlezi. Z hiyo ni l iliyojificha. Vitenzi hivyo vilikuwa na l katikati, nayo hurudi kuonekana katika kimbilia na lelewa; ikikutana na i ya kiishio cha mtu, hugeuka z. Kwa kanuni hiyo hamia lingetoa mhamizi. Halikutoa. Limetoa mhamiaji, na mtu aliyehama mara moja katika maisha yake, kwa njaa au kwa vita, amepachikwa kiishio cha mwenye mazoea, kana kwamba kuhamia ndiyo kazi yake ya kila siku.

Hoja hii isitiwe uzito kupita kiasi. Kiishio -aji kimelegea sana katika Kiswahili cha leo. Hakuna anayesikia mazoea yoyote katika mtumiaji au mnunuaji. Lakini ni haki kuona kwamba mkimbizi na mlowezi ni maneno yaliyoumbwa kwa kanuni ya kale, na mhamiaji lina harufu ya karatasi na mhuri. Na karatasi zenyewe zimeliongezea sifa moja mbaya. Mtu aliyeingia nchini pasipo ruhusa huitwa mhamiaji haramu. Haramu ni neno la dini kabla ya kuwa la sheria: huambatana na nyama ya nguruwe, na riba, na mtoto wa nje ya ndoa. Tendo huweza kuwa haramu. Mtu kuwa haramu, na hali kosa lake ni kukosa cheti, ni jambo ambalo lugha ilikuwa imemwekea mwanaharamu peke yake, na hata huko lilikuwa tusi.

Hajiri ni neno la heshima na halihitaji maelezo marefu. Mzizi wake wa Kiarabu, h-j-r, una maana ya kuacha na kujitenga, na umepata utukufu wake kwa safari ya Mtume Muhammad kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622, ambayo Khalifa Umar aliifanya mwanzo wa hesabu ya miaka ya Waislamu. Kabla yake lilikuwako kundi la Waislamu wa kwanza waliovuka bahari kwenda Uhabeshi kutafuta hifadhi kwa mfalme wa Kikristo, na hiyo pia huitwa hijra. Kwa hiyo katika Kiswahili hajiri hubeba sababu: aliyehajiri aliacha kwake kwa ajili ya jambo kubwa kuliko nyumba. Tena neno hilo lina mwenziwe. Waliohajiri waliitwa Muhajirina, na wenyeji wa Madina waliowapokea waliitwa Ansari, wasaidizi. Ni nadra kupata lugha iliyompa jina la sifa mtu aliyepokea wageni. Mhamiaji hana Ansari wake.

Sasa lowea. Mtu akisema, “Alikwenda Tanga kwa mkataba wa miaka miwili, akalowea huko,” msikizaji huelewa mambo mengi ambayo hayakutajwa. Huelewa kwamba aliyekwenda hakukusudia kubaki. Kwamba mkataba ulikwisha naye hakurudi. Kwamba amepata nyumba, na pengine mke, na amezoea maji na maneno ya watu wa huko. Kitenzi hiki huja nyuma ya vitenzi vingine. Mtu huondoka, hufika, hukaa, na baadaye, bila ya kujua siku yenyewe, huonekana kwamba amelowea. Ndiyo sababu aghalabu hutumika kwa -me-, wakati wa hali iliyokwisha kutimia. “Fulani mbona harudi?” “Amelowea.” Kusema “analowea” si kosa, ila ni nadra, kwa kuwa jambo lenyewe halionekani likitendeka, huonekana limekwisha kutendeka.

Jambo la pili ni kwamba hakuna amri katika neno hili. Mtu huweza kuambiwa, “Hama!” Huweza pia kuhamishwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na katika Operesheni Vijiji, hata mwaka 1976, mamilioni ya watu wa Tanzania walihamishwa kutoka majumba yao yaliyotawanyika wakawekwa katika vijiji vya pamoja. Kuhamia kuliamriwa, na kuhamisha kukafanywa kwa malori. Lakini wako waliorudi baadaye kwenye mahame yao, na kwa watu hao neno lowea lisingefaa hata kama wangekaa kijijini miaka kumi. Hapana serikali iwezayo kumlowesha mtu. Lowesha, katika matumizi ya kawaida, ni kutia maji tu.

Hapo ndipo linapozuka swali la asili. Umbo la neno halina shaka. Irabu ya kauli ni e kwa kuwa irabu ya shina ni o, kama ilivyo katika somea na chotea. Na z ya mlowezi huthibitisha kwamba hii ni kauli ya kutendea iliyopoteza l yake, sawa na mtetezi na mlezi. Basi shina ni -low- au -lo-, maana w iliyo kati ya o na irabu nyingine haina uthabiti. Wengine huandika loa na wengine lowa, na neno ni moja. Shida ni kwamba Kiswahili kina loa mbili. Moja ni ya maji: kulowa kwa mvua, kuloweka mbaazi. Ya pili ni ya uvuvi: kuloa samaki kwa mshipi. Hii ya pili haisikiki tena katika mazungumzo ya kawaida, ila imehifadhiwa katika ndoana, kwa kuwa l ikitanguliwa na n huwa nd, kama ulimi na ndimi. Kiganda nacho huiita ndoana eddobo, na ndani yake imesalia b ambayo Kiswahili kiliipoteza zamani.

Mwenye kupenda njia ya uvuvi hatakosa la kusema. Ataleta habari ya dago, kambi ya wavuvi wanaofuata samaki mbali na kwao, wakalala huko ufukweni kwa majuma, na wengine wakaoa huko wasirudi. Kuloea mahali, atasema, kulikuwa ni kuvua mahali pasipo pako, na mvuvi aliyevua sana mahali mwisho alikuwa mtu wa pale. Ni hadithi ya kupendeza, na pwani ya Afrika Mashariki ina vijiji vingi vilivyoanza kwa dago. Upungufu wake ni kwamba hakuna matumizi ya katikati. Neno likitoka maana moja likafika maana nyingine, kwa kawaida huacha nyayo njiani: methali, au msemo, au lahaja moja inayolitumia kwa maana iliyo baina ya zile mbili. Kati ya mshipi wa mvuvi na mgeni aliyezoea, hakuna nyayo.

Njia ya maji ina nguvu zaidi, ijapokuwa kwanza yaonekana dhaifu. Mtu atapinga kwamba kulowa ni jambo la ghafula: mvua hunyesha, nguo hulowa, hujua la kufanya ni kuzianika. Na lowea ni jambo la miaka. Lakini mwenye kupinga hivyo ameisahau kauli ya kutendea. Kazi yake si kuonyesha mahali au mtu wa kutendewa peke yake. Katika vitenzi vingi huonyesha kwamba tendo limefika mwisho wake lisiweze kurudishwa, kama katika potelea na ishilia. Kilicholowa huweza kukauka. Kilicholowea, kwa maana hiyo, kimeingiwa na maji mpaka ndani. Mfano upo katika kazi za wanawake wa pwani. Kumbi la nazi hufukiwa katika matope ya ufuoni, maji yakupwa na kujaa juu yake kwa miezi, na litolewapo halirudi tena kuwa kumbi. Hupondwa likatoa nyuzi za kusokotea kamba. Tena lowa na lowea hupendelea wakati ule ule mmoja, amelowa, amelowea, na vyote viwili humfanya mtu kuwa ni mwenye kupatwa na hali kuliko kuwa mtendaji. Na Kiswahili kina kawaida ya kuyasema mazoea kwa maneno ya vitu kuingia katika vitu: chumvi hukolea katika mchuzi, na mtu hukolea katika kazi.

Ikiwa hivyo ndivyo, maana ya asili ya mlowezi ni mtu ambaye nchi ya watu imemwingia. Maana hiyo inastahili kushikwa, kwa sababu ni kinyume cha ile ambayo historia imelipa neno hilo.

Katika miji ya Waswahili mtu wa kutoka nje alikuwa na njia ya kupita. Alikuwa mgeni, na mwisho aliweza kuwa mwenyeji, neno ambalo laonekana kuwa ni mwenye na mji yaliyoshikana. Methali yaitaja njia yenyewe: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii huelezwa kuwa ni ya kumwonya mgeni asikae mno. Lakini yaweza pia kusomwa kama hukumu ya haki yake, maana apewaye jembe amepewa na mahali pa kulima. Mlowezi alikuwa baina ya wawili hao. Jembe ameshalishika, ila watu bado wakumbuka siku aliyofika.

Mambo yaliyotokea katika nyanda za juu za Kenya yaliigeuza methali hiyo miguu juu, maana huko alikuwa ni mgeni aliyempa mwenyeji jembe. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwapa Wazungu mashamba kwa mikataba ya miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikairefusha hata miaka 999. Mwaka 1939 amri ya Mfalme wa Uingereza ikaitenga nchi hiyo ya juu iwe yao peke yao. Watu waliowafanyia kazi waliwaita masetla, kwa neno la Kiingereza lililopindwa kidogo, na neno hilo halijafa vijijini mpaka leo. Waandishi wa vitabu na magazeti walipotaka neno safi la Kiswahili badala ya setla, walilichukua mlowezi. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara kwa upande mmoja, maana neno lilikuwako na lilikuwa zuri. Kwa upande mwingine ulileta hitilafu ambayo haikusemwa wakati ule. Setla ni mtu aliyekuja kwa mpango, mkononi ana hati, na shamba limeshapimwa kabla hajashuka kwenye gari la moshi. Lowea haina mpango wala hati.

Tangu hapo neno likapanda redioni. Serikali ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru huko Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, ikawa ni serikali ya walowezi. Na hata leo idhaa za Kiswahili zikitoa habari za Ukingo wa Magharibi wa mto Jordani, Waisraeli wanaojenga huko huitwa walowezi wa Kiyahudi, na mahali pao makazi ya walowezi. Maana mpya imekamilika: mlowezi ni mtu wa nje anayeikalia ardhi ya watu kwa nguvu ya dola iliyo nyuma yake. Hapana faida kugombana na matumizi yaliyoenea hivyo. Ila ni haki kuonyesha kwamba jina limekipiga teke kitenzi chake. Uhuru wa Kenya ulipokaribia mwaka 1963, masetla wengi waliuza mashamba wakaondoka. Watu hao kila kitabu huwaita walowezi, na jambo moja lililo hakika juu yao ni kwamba hawakulowea. Wachache waliobaki wakachukua uraia, hao walilowea, na tangu siku hiyo wakaacha kuitwa walowezi.

Upande wa Tanzania neno limekwenda njia nyingine kabisa. Katika lugha ya maofisa wa uhamiaji na ya magazeti yanayoandika habari zao, walowezi ni watu wenye asili ya nchi jirani, hasa Burundi, Rwanda, Kongo na Msumbiji, waliokaa nchini miaka mingi pasipo uraia wala kibali cha ukaazi. Wengi ni wakulima na wafugaji wa mikoa ya mpakani, kama Kigoma na Kagera. Wengine asili yao ni mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako wakati wa ukoloni watu waliletwa kwa mikataba kutoka mbali, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Hawa si wakimbizi. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, majina yao yakaandikwa, na watu zaidi ya laki moja na nusu miongoni mwao na watoto wao hatimaye walipewa uraia wa Tanzania. Manamba hakuandikwa ila katika daftari la shamba, na shamba lilipofungwa daftari likapotea.

Kwa hiyo neno moja, katika nchi mbili zenye mpaka mmoja na lugha moja, humtaja huku bwana mwenye ekari elfu, na huku mtu wa robo ekari aogopaye kuulizwa cheti. Kamusi haziwezi kulaumiwa kwa tofauti hiyo, ila zaweza kulaumiwa kwa kuificha. Maelezo ya kawaida, kwamba mlowezi ni mtu aliyehamia nchi ya kigeni akafanya makao yake huko, hayamfai msomaji wa Nakuru wala wa Kigoma. Yule wa kwanza hapati habari ya nguvu na ardhi. Yule wa pili hapati habari ya kukosa karatasi. Na wote wawili hawaambiwi lolote juu ya muda na mazoea, ambayo ndiyo roho ya kitenzi.

Katika matumizi haya mawili, lile la Tanzania ndilo lililo karibu zaidi na asili, na hapo pana jambo la kushangaza. Afisa anapomwandika mtu kuwa ni mlowezi, hukusudia kuonyesha upungufu wake: si raia, si mkimbizi, hana kibali. Lakini neno alilolitumia limekwisha kumtolea ushahidi mtu huyo. Limekiri kwamba amekaa, kwamba amezoea, kwamba hakuja jana. Kama angekuwa na hakika kwamba aliye mbele yake ni mpita njia, angemwita mpita njia, au kwa desturi ya siku hizi, mhamiaji haramu. Mwanasheria mwenye kujua Kiswahili asingehitaji shahidi mwingine wa muda wa kukaa.

Kisa cha Wamakonde wa Kenya chaonyesha jambo lile lile kwa upande wa pili. Watu hawa walianza kuja kutoka Msumbiji katika miaka ya 1930, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Kwale, wakachonga vinyago, wakazaa na kuzikana huko. Katiba ya uhuru ya Kenya, sawa na ile ya Tanganyika ya mwaka 1961, ilimfanya raia mtu aliyezaliwa nchini ikiwa pia mzazi wake mmoja alizaliwa nchini. Na Mmakonde ambaye wazazi wake wote wawili walizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma alibaki nje. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho, wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Katika miaka yote hiyo magazeti ya Kenya yaliwaita watu wasio na uraia. Hayakuwaita walowezi, maana katika Kenya jina hilo lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na wenye mashamba. Watu waliolowea kwa kila maana ya kitenzi waliachwa na jina la kitu wasichokuwa nacho.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la sarufi kabla ya kuwa la sheria. Lowea humtaka mtu aanzie nje. Asiyekuwa mgeni kwanza hawezi kulowea, kama vile samaki hawezi kulowa. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa katika nchi ambayo baba yake alilowea si mlowezi, na hapana kauli wala kiishio kitakachomfanya awe. Katika matumizi ya ofisi, hata hivyo, jina humfuata mtoto na mjukuu, na watu ambao hawajapata kuvuka mto wowote huhesabiwa katika walowezi. Waswahili wa zamani hawakulifanya kosa hilo, hata katika zama ambazo hakuna atakayezisifu. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga, kwa kuwa hakujua lugha wala mila. Na mtoto wa watumwa aliyezaliwa pale pale aliitwa mzalia. Majina hayo mawili hayakuwa mapambo. Mzalia alikuwa na cheo chake, na desturi ilichukia kumwuza. Kamusi mpya ikitungwa, haitoshi kuigawa maana ya mlowezi katika mafungu mawili, la Kenya na la Tanzania. Hapana budi kumrejesha mzalia na kumweka karibu yake, ionekane mpaka wa neno moja na jingine uko wapi. Mtoto wa manamba aliyezaliwa Korogwe angeitwa mzalia hata na mwenye watumwa. Daftarini ameandikwa mlowezi, na chini ya jina lake ameandikwa mwanawe.